Sura ya Saba: Miguu Tunayo, Macho Je?

Mwalimu wa michezo wa Kitale au Bungoma akikuambia kwamba watoto wake hawahitaji kufunzwa kukimbia, si rahisi kumbishia. Ben Jipcho alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mwaka 1973 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka uliofuata alirudi kutoka Christchurch, New Zealand, na dhahabu mbili na shaba moja za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ferdinand Omanyala, aliyekulia Tongaren, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mnamo Septemba 2021, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kufikia kasi hiyo. Wakosoaji husema hewa nyepesi ya Nairobi ilimsaidia. Karibu wote waliokimbia naye katika hewa iyo hiyo siku ile ile waliachwa.

Kwa hiyo mwalimu wetu anapoletewa magongo, mipira na glavu chache za besboli, hupanga juma lake hivi: Jumatatu kupiga, Jumatano kurusha na kudaka, Ijumaa mechi. Mbio hazimo kwenye ratiba. Mbio, atakwambia, tumezaliwa nazo. Mimi nabishana na ratiba hiyo, na shahidi wangu wa kwanza ni Mmarekani aliyekuwa na mbio kuliko wote uwanjani.

Mwaka 1974, Charlie Finley, mmiliki wa timu ya Oakland Athletics, alifikiri kama mwalimu wetu. Alimwajiri Herb Washington, mkimbiaji wa mbio fupi za ndani ya ukumbi aliyeshikilia rekodi za dunia za yadi 50 na yadi 60. Kazi yake ilikuwa moja tu: mwenzake akipiga mpira na kufika kwenye besi, Washington anaingia badala yake na kukimbia. Alicheza mechi 105 katika misimu miwili bila kushika gongo hata mara moja. Alijaribu kuiba besi mara 48. Alifaulu mara 31 na kukamatwa mara 17. Ukikokotoa, hiyo ni kama asilimia 65. Timu inaanza kufaidika na wizi wa besi pale unapofaulu kwa takriban asilimia 70 hadi 75, kwa sababu kila anayekamatwa anapoteza nafasi mbili kwa mpigo: anatoka mwenyewe, na anaongeza auti kwa timu yake. Mtu mwenye mbio kuliko wote, basi, alikuwa karibu hasara.

Kilichomfanya akumbukwe ni fainali za mwaka huo huo. Mechi ya pili, Los Angeles, raundi ya tisa, Oakland wako nyuma 3 kwa 2. Washington anaingizwa kwenye besi ya kwanza. Akifika nyumbani, mechi ni sare. Mrushaji wa Dodgers, Mike Marshall, anamtazama, anatulia, kisha anageuka ghafla na kutupa mpira kwenye besi ya kwanza. Washington amenaswa akiwa hatua chache nje, na mguu wake wa dhahabu haujapiga hata hatua moja ya mbio. Oakland walitwaa ubingwa hata hivyo, lakini jaribio la Finley halikuishi muda mrefu.

Katika riadha njia imechorwa kwa chokaa, mwanzo unatangazwa kwa bastola na mwisho unaonekana kwa macho. Mkimbiaji wa besboli hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye mwenyewe ndiye anayeamua aanze lini, apite wapi, asimame wapi, na kama anafaa kukimbia kabisa. Maamuzi hayo yote anayafanya huku mpira ukisafiri. Ndiyo maana nasema tatizo la watoto wetu haliko miguuni.

Si kwamba wanaanza kutoka sufuri. Wamecheza raundasi. Katika kanuni rasmi za raundasi, nguzo ya kwanza, ya pili na ya tatu ziko mita 12 kutoka moja hadi nyingine, na kutoka ya tatu hadi ya nne ni mita 8.5. Besi za watoto wa Little League ziko mita 18.29, na za watu wazima mita 27.43. Michezo yote miwili inazunguka upande wa kushoto, kama riadha, kwa hiyo mwili wa mtoto tayari unajua kuinama upande ule. Hilo ni jema. Baya ni kwamba raundasi imemzoesha kuizunguka nguzo kwa nje. Besboli inamtaka aikanyage besi. Mtoto aliyecheza raundasi tangu darasa la tatu atapita nusu mita kando ya besi ya pili kwa kasi ya kupendeza, umati utashangilia, na mlinzi mmoja mwenye akili ataomba mpira, ataikanyaga besi, na kumwambia mwamuzi atazame.

Kisa maarufu zaidi cha kosa hilo kina zaidi ya karne. Tarehe 23 Septemba 1908, mjini New York, Giants na Cubs wa Chicago walikuwa 1 kwa 1, raundi ya tisa, auti mbili. Fred Merkle, kijana wa miaka 19, alikuwa besi ya kwanza, na mwenzake alikuwa besi ya tatu. Al Bridwell akapiga mpira safi, yule wa besi ya tatu akafika nyumbani, na mashabiki wakavamia uwanja. Merkle alipoona mechi imeisha, aligeuka kwenda vyumba vya kubadilishia nguo bila kufika besi ya pili. Johnny Evers wa Cubs akapata mpira na kuikanyaga besi hiyo. Mwamuzi Hank O'Day akasema Merkle ni auti, bao limefutwa. Mechi ikahesabiwa sare, ikarudiwa Oktoba, na Cubs wakashinda ubingwa wa ligi. Merkle alicheza miaka mingi baada ya hapo, lakini watu walimkumbuka kwa hatua alizoacha kupiga.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu. Chukua magunia ya mahindi. Trans Nzoia haikosi magunia. Yajaze pumba au nyasi kavu kiasi kidogo tu, yalale bapa, uyashikilie kwa vigingi vifupi vilivyozama ardhini. Kisha waamrishe watoto wapige kelele, kila mmoja, mguu unapoligusa gunia. Mwanzoni watacheka. Kelele hizo zina faida mbili: mkimbiaji anajikumbusha, na wewe mwalimu, uliye upande wa pili wa uwanja, unajua nani ameruka besi bila hata kumtazama.

Besi ya kwanza ina sheria yake, na ndiyo pekee inayofanana na riadha. Mpigaji akishapiga anaruhusiwa kuipita kwa kasi bila kuogopa kuguswa, mradi asigeukie besi ya pili. Kwa hiyo asipunguze mwendo, asiruke na asiserereke. Anyoshe mwili, akanyage ukingo wa mbele wa gunia, kisha apunguze mwendo kwa hatua fupi fupi huku akitazama kulia, kwa kuwa mpira ukimponyoka mlinzi wa besi, mara nyingi unakwenda huko. Watoto wengi huruka hatua ya mwisho wakidhani watafika mapema; aliye hewani hajisukumi tena.

Katika shule za Japani, mpira hata uwe dhaifu namna gani, mpigaji hukimbia kwa nguvu zote hadi besi ya kwanza. Desturi hiyo imefika Afrika Mashariki pia: Shinya Tomonari na wenzake kutoka Japani waliupanda mchezo huu Tanzania, na uwanja wa Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam umepewa jina la Koshien, kama ule wa mashindano ya shule za Japani. Naipenda desturi hiyo kwa sababu isiyo ya kinidhamu hata kidogo: walinzi wa umri wa miaka kumi na mbili huangusha mipira. Anayekimbia kila mara atafika salama mara nyingi kuliko anavyostahili.

Kona ni jambo jingine. Mkimbiaji wa mita 200 anaingia kwenye kona pana iliyokwisha kuchorwa. Huyu wetu ana kona ya nyuzi 90. Akikimbia moja kwa moja hadi kwenye gunia, atalazimika kuvunja mwendo au atarushwa nje hadi karibu na walinzi. Akianza kupanuka mapema mno, anaongeza njia bure. Wanahisabati wa Chuo cha Williams, Massachusetts, waliwahi kukokotoa njia ya haraka zaidi ya kuzunguka besi zote nne, wakakuta inakaribia duara. Mtoto hahitaji hesabu hizo. Weka kofia ardhini mita kama tano kabla ya gunia na mita moja na nusu upande wa kulia wa mstari. Mwambie apite nje ya kofia, ainamishe bega la kushoto, akanyage pembe ya ndani ya gunia na atoke ameelekea besi inayofuata. Mguu wa kushoto ni bora kidogo, lakini nimeona makocha wakiharibu wakimbiaji wazuri kwa kuwalazimisha mguu fulani. Wakihesabu hatua wanasitasita. Mguu wowote utakaofika bila kuvunja mwendo ndio mguu sahihi.

Sasa macho. Kabla mpira haujarushwa, mkimbiaji awe anajua auti ziko ngapi. Likiwa ni jambo moja tu mtoto atakalolikumbuka katika sura hii, liwe hilo, maana idadi ya auti inageuza kila kitu. Auti zikiwa mbili, mpira ukipigwa unakimbia, hata ukipaa mawinguni. Ukidakwa, raundi imeisha, huna cha kupoteza. Zikiwa chini ya mbili, mpira wa juu unakutaka usubiri: ukidakwa, ni lazima uwe umerudi kwenye besi yako, na unaweza kuondoka mara mpira ugusapo glavu. Mpira mkali ulionyooka unakutaka usimame kwanza uone umepita au umenaswa. Mpira unaobingirika, ukiwa besi ya kwanza, hauna mjadala: mpigaji anakuja nyuma yako, nawe huna mahali pa kukaa. Mfunze mtoto anyooshe vidole kuonyesha idadi ya auti kila mara anaposimama kwenye besi, na kocha amjibu kwa vidole.

Katika Kitale mpira wa juu unadai heshima ya pekee. Mji uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Denver, jiji la Marekani ambalo wachezaji wa besboli wanaliogopa na kulipenda kwa sababu mipira huruka mbali katika hewa yake nyepesi, liko kama mita 1,600. Kitale iko juu zaidi ya Denver. Bungoma, iliyo chini zaidi, kwenye takriban mita 1,400, bado ingekuwa miongoni mwa viwanja vya juu katika ligi kuu ya Marekani. Kwa hiyo timu ya Bungoma ikipanda Kitale, walinzi wake wa nje watakuta mipira inawapita vichwani, watarudi nyuma, na mbele yao patabaki uwazi mkubwa. Mkimbiaji wa Kitale anayeyatazama hayo kabla ya mpira kupigwa anajua kwamba mpira mfupi utakaoanguka mbele ya walinzi hao unampeleka kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu. Asiyetazama anasimama ya pili na kujipongeza.

Kuiba besi ndiko vijana hupenda, na ndiko nitakakopita haraka. Kanuni za Little League kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini haziruhusu mkimbiaji kuondoka kwenye besi kabla mpira haujamfikia mpigaji, kwa hiyo katika shule ya msingi somo hili ni dogo. Kwa wakubwa, hesabu ni hii: mrushaji mzuri huchukua kama sekunde 1.3 tangu aanze kusogea hadi mpira ufike, na mdakaji huchukua kama sekunde 2 kuudaka na kuufikisha besi ya pili. Jumla ni sekunde 3.3. Mkimbiaji aliyejisogeza mita tatu na nusu amebakiwa na karibu mita 24. Hata mtu wa kiwango cha Omanyala, akisubiri mpira utoke mkononi ndipo aondoke, amechelewa. Wizi unafanyika mapema zaidi, kwenye kisigino cha mrushaji, goti lake, bega lake la mbele. Rickey Henderson, aliyeiba besi 1,406 katika maisha yake ya uchezaji, 130 kati yake katika msimu mmoja wa 1982, alikuwa msomaji wa miili ya watu kabla ya kuwa mkimbiaji. Na mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilipozipanua besi kutoka sentimita 38 hadi 46 na kuweka kikomo cha mara ambazo mrushaji anaweza kumvizia mkimbiaji, besi zilizoibwa zilipanda kutoka 2,486 hadi 3,503. Miguu ya Wamarekani haikuongezeka kasi kati ya msimu mmoja na mwingine.

Kuserereka: fundisha kwenye nyasi zilizolowa, miguu ikitangulia, mmoja umekunjwa chini ya mwingine, mikono juu. Usifundishe kwenye udongo mwekundu uliokauka wa Januari. Utapata vidonda vya paja na barua kutoka kwa wazazi.

Ng'ambo ya Malaba wametutangulia. Lugazi, mji wa miwa kwenye barabara ya Jinja kwenda Kampala, uko karibu na Bungoma kuliko Nairobi ilivyo. Agosti 2012, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla yao, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikakosa viza. Lugazi walirudi wakiwa wamewafunga watoto wa jimbo la Oregon 3 kwa 2. Kisha mwaka 2022 Dodgers wakasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili ni warushaji. Maskauti waliofika Afrika Mashariki, nchi za wakimbiaji, walichukua mikono. Kwangu hilo linasema kwamba wao wanaamini mbio zinapatikana popote, na kwamba mkimbiaji wa besi hapatikani kwa saa ya kupimia muda peke yake.

Lakini tunacho kitu ambacho naamini hatujakitumia, nacho kipo kwenye kila uwanja wa shule wakati wa mapumziko. Ni kati. Wasichana wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi, wa tatu yuko katikati, na wanamlenga. Yeye anageuka, anarudi, anainama, anadanganya kwenda kulia na kutokea kushoto, na macho yake hayauachi mpira hata sekunde moja. Mwangalie kwa makini. Hali hiyo ndiyo inayomkuta mkimbiaji aliyenaswa kati ya besi mbili, walinzi wawili wakirushiana mpira huku wakimkaribia. Tofauti ni kwamba katika besboli lazima wamguse na mpira ulio mkononi, wala hawaruhusiwi kumpiga nao, na kwamba yeye hawezi kuacha mstari wake zaidi ya kama mita moja ili kukwepa mguso.

Mvulana aliyezoea riadha akinaswa hivyo hufanya jambo moja: anachagua upande na kukimbia kwa nguvu zote, na anaguswa baada ya kurushiana mara moja. Msichana aliyecheza kati anajua kwamba kila mpira unaorushwa ni nafasi ya mtu kuangusha. Anakaa hai. Anawalazimisha warushe mara tatu, nne, tano. Na kama kuna mwenzake kwenye besi ya tatu, kila mrusho ni muda ambao huyo mwenzake anautumia kufika nyumbani. Jipcho alifanya jambo la jinsi hiyo katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968: katika mbio za mita 1,500 alikwenda mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, mwendo ambao yeye mwenyewe hangeweza kuudumisha, ili kumvunja nguvu Mmarekani Jim Ryun na kumpa Mkenya mwenzake Kip Keino dhahabu. Aliyenaswa kati ya besi mbili anaweza kuwa auti na bado ameipatia timu yake bao.

Kwa hiyo badilisha ratiba. Siku ya Jumanne, asubuhi kabla mvua ya mchana haijashuka kutoka Elgon, tenga nusu saa ya kati. Weka magunia mawili mita 18 kutoka moja hadi jingine, walinzi wawili wenye glavu, mkimbiaji mmoja katikati, na mwingine akisubiri kwenye gunia la tatu. Wasichana waanze, wavulana wasimame pembeni wahesabu mirusho kwa sauti. Walinzi wakimgusa kwa mirusho miwili au pungufu, wao wameshinda; mirusho ikifika mitatu, mkimbiaji ameshinda hata akiguswa. Wa gunia la tatu aondoke bila kuambiwa, na akichelewa arudie. Wakishazoea, ongeza mpigaji, ili mkimbiaji aingie kwenye mtego huo baada ya mpira halisi kupigwa, akiwa na auti za kukumbuka. Na kama mpira wa besboli ni mmoja tu shuleni, usiutumie hapa. Mpira wa soksi unatosha, na hakuna anayeogopa kuuangalia.